Kwa miguu kutoka Daraja la Salenda mpaka Boma la Kale: mnapita njia gani, na hiyo ngome iko wapi hasa?

#1 Mwanaupanga

Wakuu, habari za Jumapili.

Nadai hivi, na niko tayari kubishiwa: hakuna matembezi mazuri ndani ya mji huu wa Dar es Salaam kama yale ya kuanzia Daraja la Salenda, pale Msimbazi unapomwaga maji yake baharini, mpaka Boma la Kale kule Sokoine. Ni kilomita nne au tano hivi, inategemea umekatia wapi. Ukitoka mara baada ya sala ya alfajiri, jua linakukuta Ocean Road (najua tangu 2013 inaitwa Barabara ya Barack Obama, lakini midomo yetu haijazoea), na kabla halijawa la utosi umeshafika mjini unakunywa chai.

Kipande hicho kifupi kina mji mzima ndani yake. Daraja la Mwingereza la 1929, hospitali ya Ocean Road, Ikulu, Feri, makanisa mawili ya Kijerumani, halafu nyumba ya Sultani Majid wa Zanzibar. Huwa naenda na wanangu. Kila tukifika mwisho wananiuliza, "Baba, ngome iko wapi?" Maana niliwaambia tunakwenda kwenye ngome. Wanakuta nyumba nyeupe ya ghorofa yenye mlango wa nakshi, mzinga hata mmoja hakuna.

Sasa nauliza: nyie mnapita njia gani? Na lile Boma lilikuwa ngome, au tumezoea tu kusema?

#2 Chumvi Kali

Naweka kambi hapa. Mimi napita na bajaji.

#3 Fundi Chokaa

Mkuu #1, ahsante kwa uzi. Boma la Kale halikujengwa kwa vita. Lilijengwa 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid bin Said. Jumba lake mwenyewe lilikuwa jirani. Majid alitaka kuhamishia makao yake huku bara, kwenye bandari hii iliyofichika karibu na kijiji cha Mzizima, na mgeni wa Sultani halali kwenye jahazi.

Watu wanadanganywa na unene wa kuta. Mimi kazi yangu ni kukarabati nyumba za namna hiyo, basi nawaambia: ukuta ule ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwenye udongo na chokaa. Jiwe lenyewe ni jepesi, lina vitundu, halikubali kuchongwa likawa tofali la mraba. Ukitaka lisimame na libebe ghorofa, lazima uunenepeshe ukuta. Hakuna aliyekuwa anafikiria risasi.

Halafu tazama vyumba. Virefu lakini vyembamba. Sababu ni boriti za mikoko zinazobeba sakafu: upana wa chumba haupiti urefu wa boriti. Msitu wa mikoko ndio uliochora ramani ya nyumba ile.

#4 Binti Feri

Kaka Fundi, mawe nakuachia, hapo siwezi kukushinda. Lakini mwambao huu nyumba ya mtu mkubwa lini ilikuwa nyumba ya kulala tu? Majid alikuwa anaanzisha mji kwenye ardhi yenye wenyewe, amezungukwa na majumbe waliokuwa na maslahi yao. Hata kama karatasi inasema wageni, ukuta mnene, mlango mmoja mzito na dirisha la kutazama bandari ni ulinzi huo. Na Wajerumani walipokuja walilitumia kwa utawala. Mtawala mgeni hachagui nyumba dhaifu.

Mimi nasema ni nusu nyumba, nusu ngome. Wanao wako sahihi nusu.

#5 Mzee wa Stesheni

Mnatafuta ngome mbali na mmeshaipita njiani. Ngome ya mji huu ni Ikulu. Jumba la gavana wa Kijerumani lilikuwa palepale kwenye ncha, linatazama mlango wa bandari. Mwaka 1914 manowari za Kiingereza zikalipiga mizinga likabaki magofu. Nyumba ambayo adui anaisogelea kwa manowari haiwezi kuwa nyumba ya kawaida. Waingereza walipotawala wakajenga juu ya mabaki yake, 1922, ndipo likapata hayo matao tunayoyaona kwenye picha.

#6 Mtu wa Ng'ambo

Ndugu zetu wa Bara, mkitaka ngome pandeni boti asubuhi. Ngome Kongwe ipo Forodhani, Unguja, waliijenga Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kumfukuza Mreno. Ina minara, ina kuta, mtoto hana haja ya kuuliza. Huyo Majid wenu alitoka huku huku.

#7 Mwanaupanga

Mtu wa Ng'ambo, karibu, uzi umepata pilipili. Ila mimi nataka ninayoifikia kwa miguu.

Mzee wa Stesheni, hoja ya Ikulu nimeipenda. Kupita pale ndiko wanangu wanakofurahia zaidi, wanasikia tausi wakilia ndani ya uzio. Simu inakaa mfukoni, hilo tumeshawafundisha.

#8 Konda Mstaafu

Njia ya Ocean Road ni ya watu wasio na haraka. Ukitoka Salenda, shika Ali Hassan Mwinyi moja kwa moja, pita Palm Beach, ingia Bibi Titi, kisha Barabara ya Morogoro ukiteremka mpaka bandarini. Boma hilo hapo. Fupi, na ukichoka daladala ziko.

#9 Mwanaupanga

Konda, fupi kweli, lakini unaona nini njiani? Moshi na matairi. Bahari umeipa mgongo.

#10 Konda Mstaafu

Naona watu wangu. Na kivuli cha miti ya Upanga, ambacho wewe kule ufukweni huna mpaka ufike Ocean Road hospitali.

#11 Mama Kisutu

Niongee kama mama. Njia zote mbili nimepita na watoto na zote zina shida ambazo nyie wanaume mnazirukia. Pale darajani penyewe, upande wa mikoko, alfajiri sana hapafai. Mdogo wangu aliporwa simu pale, kibaka akaingia kwenye mikoko, nani atamfuata? Subirini wakimbiaji wawe wengi ndipo muanze. Pili, njia ya miguu: bodaboda wanapanda juu yake foleni ikikaza, na ukimwambia kitu anakupigia honi wewe. Tatu, choo. Kati ya Salenda na Feri mtoto akibanwa unafanyaje?

Matembezi nayapenda, nimezaliwa Kisutu na mji huu ni wangu. Ndiyo maana nataka mtu mwenye mtoto aweze kuyafanya bila woga.

#12 Sauti ya Pwani

Mama Kisutu umeongea kitu. Kwa nini msianzie Daraja la Tanzanite? Lina njia nzuri ya miguu pande zote, unavuka bahari kabisa. Shida ni urefu tu, daraja lenyewe kilomita sita.

#13 Mchora Ramani

Sauti ya Pwani, daraja lenyewe ni kilomita 1.03. Hizo 6.23 ni pamoja na barabara zake za kuunganisha. Linaanzia upande wa Coco Beach na kushuka karibu na Hospitali ya Aga Khan, lilifunguliwa 2022. Kwa hiyo ukitoka Masaki au Oysterbay, Tanzanite linakutua katikati ya njia ya Mwanaupanga. Ukitoka Kinondoni, Salenda ndiyo yako.

Na kwa asiyejua, Salenda ni jina la mtu: John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa Kazi za Umma wa Tanganyika chini ya Mwingereza.

#14 Chumvi Kali

Kwa hiyo mtu wa barabara ndiye aliyebaki midomoni mwetu, magavana wote wamesahaulika. Safi sana. Wahandisi wangu mko wapi?

#15 Mzee wa Karlův Most

Wanangu, hamjambo. Nimesoma uzi huu kwa raha. Miaka ile serikali yetu ilipokuwa ikipeleka vijana nchi za Ulaya Mashariki, mimi niliangukia Prague, nikasomea mitambo. Mji ule una matembezi yanayofanana kabisa na haya: daraja la mtoni mpaka ngome. Daraja la Charles juu ya mto Vltava, mita 516, lilianza kujengwa 1357 kwa amri ya Mfalme Charles wa Nne. Ukilimaliza unapita mtaa wa Mostecká, unatokea uwanja wa Malá Strana, kisha unapanda Nerudova, kilima kikali hasa, mpaka lango la ngome ya Hradčany. Kijana unatumia nusu saa. Ngome yenyewe ni ya karne ya 9, na ndani yake kuna kanisa la Mtakatifu Vitus lililoanza kujengwa 1344 likakamilika 1929. Mwaka uleule wa Salenda! Wenzetu walikuwa wanamaliza kazi ya karibu miaka mia sita, sisi ndio kwanza tunawekewa daraja.

Ninachotaka kusema ni hiki. Daraja lile lilikuwa njia pekee ya kuvuka mto mjini mpaka 1841. Magari yalipita juu yake, hata tramu zilipita. Madaraja mengine yalipoongezeka, wakaanza kulipumzisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 tramu ikaondoka, miaka ya sitini magari yakaondoka. Sasa ni la watembea kwa miguu tu, na masanamu yake thelathini.

Sisi tuna Tanzanite sasa. Kwa nini Salenda lisipumzishwe, walau Jumapili asubuhi?

#16 Mwanaupanga

Shikamoo mzee wangu. Hii hoja imenisisimua. Jumapili kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, magari yapite Tanzanite, Salenda wapewe watembeaji na baiskeli. Nani anapinga?

#17 Konda Mstaafu

Napinga mimi. Mzee shikamoo, kwa heshima zote. Daladala za Posta kwenda Mwenge, zinapita wapi? Abiria wa Jumapili asubuhi ni mama anayekwenda kanisani, ni muuguzi anatoka zamu ya usiku. Umzungushe Coco Beach ili sisi tutembee? Na njia ya mwendokasi ya kwenda Tegeta inapita Ali Hassan Mwinyi hiyohiyo. Salenda halipumziki. Daraja la Charles lilipumzishwa kwa sababu watu walikuwa na njia nyingine za kupita na tramu zao. Tanzanite limejengwa kwa wenye magari.

#18 Mama Kisutu

Muuguzi anayetoka zamu ya usiku ni mimi. Konda yuko sahihi. Nipeni njia ya miguu pana yenye vizuizi vya bodaboda, daraja lifunguliwe saa zote.

#19 Mzee wa Karlův Most

Marahaba wanangu. Hoja ya muuguzi nzito. Lakini msiache kulidai hilo la njia pana.

#20 Fundi Chokaa

Mzee, nina swali la fundi. Wanasema daraja hilo la Prague chokaa yake ilichanganywa na mayai. Ulipata kusikia?

#21 Mzee wa Karlův Most

Kila mwenyeji atakuhadithia, mwanangu. Wanasema mfalme aliagiza mayai kutoka vijiji vyote, na kijiji kimoja kikaogopa yatavunjika njiani kikayaleta yamechemshwa. Mimi nilicheka nikaacha hapo. Najua tu kwamba mafuriko ya 1890 yalivunja matao matatu, kwa hiyo mayai au bila mayai, mto ukija na magogo hauulizi.

#22 Mtoto wa Jangwani

Hapo kwenye mafuriko ndipo mimi naingia. Mnaongelea Salenda mnaishia kwenye mandhari. Mto huo Msimbazi unatoka vilima vya Pugu kule Kisarawe, unapita kwetu Jangwani, unafika hapo kwenye mikoko unayoipiga picha. Desemba 2011 maji yalituingilia usiku, tulikaa juu ya paa mpaka kukucha. Wengine hawakukucha nao. Watu wanauliza kwa nini Jangwani inajaa: wako wanaosema taka, wako wanaosema nyumba zimejengwa bondeni, wako wanaosema mchanga unaochimbwa juu unashuka na kuziba.

#23 Mchora Ramani

Pole sana ndugu. Ongeza na hili: mto unafikia bahari kupitia mdomo mwembamba. Mvua kubwa ikigongana na maji kujaa, maji ya mto hayana pa kwenda, yanarudi nyuma. Ukitembea Salenda bamvua utaona mwenyewe bahari inavyoingia ndani ya mikoko.

#24 Sauti ya Pwani

Mimi nasema ni daraja lenyewe. Mwingereza aliweka tuta la barabara kwenye mdomo wa mto, akaacha upenyo mdogo. Mto umebanwa koo tangu 1929.

#25 Mtoto wa Jangwani

Koo, taka, mchanga, vyovyote. Mnapotembea na watoto wenu pale juu, waambieni mto huu una watu huko nyuma.

#26 Mwanaupanga

Nitawaambia, ndugu yangu. Wiki hiihii.

#27 Binti Feri

Turudi njiani jamani, uzi unaelekea Kisarawe. Kuna mtu hajaisema hospitali ya Ocean Road. Ndiyo jengo ninalolipenda kuliko yote kwenye njia hiyo, na viminara vyake viwili. Siku hizi ni taasisi ya saratani. Marehemu mama yangu alitibiwa pale, tulikaa kwenye baraza tukitazama bahari. Nadhani Waingereza walijua kuchagua mahali pa mgonjwa.

#28 Mchora Ramani

Pole dada, Mungu amrehemu mama. Waliojenga ni Wajerumani, 1897. Robert Koch, yule daktari aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa hapa Dar miaka hiyo akichunguza malaria. Upepo wa bahari waliuchagua makusudi, wazungu wao walikuwa wanakufa kwa homa.

#29 Mzee wa Stesheni

Na ukishapita Feri, usishike Kivukoni moja kwa moja. Panda kidogo mpaka Sanamu ya Askari, 1927, imeandikwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Kabla yake Wajerumani waliweka sanamu ya gavana wao Wissmann mjini hapa, Waingereza wakaing'oa. Kisha ndipo ushuke Azania Front na Mtakatifu Joseph. Makanisa yote mawili yalianzwa miaka ya mwisho ya 1890, la Kilutheri na la Kikatoliki, yanatazamana na bandari kama wapinzani wa bao.

#30 Chumvi Kali

Feri hakuna anayepita haraka. Supu ya pweza pale asubuhi, kilomita zilizobaki zinajitembea zenyewe.

#31 Mwanaupanga

Hapo Chumvi Kali umenipata.

Swali langu la pili limeleta lingine. Fundi Chokaa alisema jumba la Majid lilikuwa jirani na Boma. Sasa liko wapi? Nyumba ya wageni ipo, ya mwenyeji imekwenda wapi?

#32 Binti Feri

Babu yangu alikuwa akisema kimbunga. Kile cha 1872.

#33 Mtu wa Ng'ambo

Kimbunga cha 1872 ni chetu, dada. Kiling'oa mikarafuu ya Unguja, kikavunja majahazi bandarini, na Bagamoyo kikawaharibia wamisionari nyumba zao. Kukivuta mpaka Dar ni kukionea.

Mimi naona sababu ni sisi wenyewe. Majid alifariki 1870, akatawala ndugu yake Barghash, ambaye hakuwa na hamu na mji wa kaka yake. Pesa ilibaki Unguja. Nyumba isiyo na mwenyewe haichukui muda.

#34 Mzee wa Stesheni

Wajerumani. Walifika 1887, na 1891 wakaufanya mji huu makao makuu badala ya Bagamoyo. Walihitaji gati, barabara, ofisi, na mbele ya bandari palikuwa na magofu ya Sultani. Unadhani waliyazunguka?

#35 Fundi Chokaa

Nakubaliana na Mtu wa Ng'ambo kwa sababu ya chokaa. Nyumba ya matumbawe inaishi kwa kupakwa. Ukiacha kuipaka misimu michache, mvua inapenya juu ya ukuta, udongo wa ndani unalowa, boriti zinaoza vichwa, dari linashuka. Likishashuka dari ukuta haukai. Kutoka 1870 mpaka 1887 ni miaka kumi na saba. Mjerumani alikuta chungu ya mawe.

#36 Mzee wa Stesheni

Chungu ya mawe ambayo jirani yake wa umri uleule alisimama? Boma lilipakwa na nani miaka hiyo kumi na saba?

#37 Fundi Chokaa

Lilikuwa na watu. Wakili wa Sultani na askari wake hawakuondoka mjini, na mtu mmoja na ndoo ya chokaa wanatosha kuokoa nyumba ndogo. Jumba kubwa linataka hazina.

#38 Binti Feri

Na mawe yalikwenda wapi? Mji wote wa miaka ya 1890 ulijengwa kwa matumbawe. Mimi nasema jumba la Majid halijapotea, limetawanyika kwenye kuta za wengine. Ukitembea toka Azania mpaka Boma labda unalipita vipande vipande.

#39 Fundi Chokaa

Hilo dada linawezekana kabisa, jiwe lililokwisha kukaa ukutani fundi hulipenda, limekauka. Lakini jiwe lililotumika mara mbili huwa na chokaa ya zamani kwenye vitundu vyake. Plasta ya nyumba za Kijerumani ikibanduka mahali, nitakwenda na tochi.

#40 Mwanaupanga

Jumamosi naanza Salenda saa kumi na mbili na nusu, wakimbiaji wakiwa wengi kama Mama Kisutu alivyosema. Boma siku hizi kuna maonyesho ya historia ya majengo ya mji, tutaingia. Fundi, njoo na hiyo tochi.

#41 Konda Mstaafu

Nakuja. Napita Upanga, nitawasubiri mlangoni nimeshakunywa chai.